Darasa la Gaiseric pale Majengo: bahari imeelezwa, bara imeachwa

Kama una shilingi 1,500 na nafasi siku ya Alhamisi jioni, zipeleke Majengo. Nalisema hilo mapema ili asiyetaka maelezo marefu aondoke nalo. Mwalimu mmoja mstaafu wa historia amekodi ukumbi mdogo juu ya duka la vitambaa, hapo Pumwani, Nairobi, na kila msimu humchukua mtu mmoja wa kale akamsimulia kwa vikao sita. Msimu huu alimchukua Gaiseric, mfalme wa Wavandali, kabila la Kijerumani lililotoka kaskazini mwa Ulaya, aliyeshika utawala mwaka 428 akaufia mwaka 477. Katikati ya miaka hiyo aliiteka Carthage, karibu na Tunis ya leo, akaipora Roma, akazichoma meli za Konstantinopoli, mji mkuu wa dola ya Kirumi ya mashariki, na hakuna Mrumi aliyeweza kumng'oa Afrika. Kila kitu husemwa kwa Kiswahili, na ni Kiswahili cha mtu aliyezaliwa nacho, hakisomwi kwenye karatasi.

Mimi nauza nafaka Nyamakima: mahindi, maharagwe, ndengu, njugu, kwa gunia na kwa gorogoro. Shule niliishia kidato cha nne, na historia ya Afrika Kaskazini tuliyofundishwa ilianza na mafarao wa Misri kisha ikaruka mpaka kwa Waarabu. Kilichonivuta ni tangazo lililobandikwa karibu na steji ya matatu za Eastleigh, limeandikwa kwa wino mzito: njoo umsikie mfalme aliyeishika Roma kwa mkate. Mwenye ghala la nafaka hawezi kulipita tangazo la namna hiyo.

Kuhusu ukumbi sina mengi. Viti ni vya plastiki, feni ni moja, dirisha linaelekea barabarani. Mpaka yapata saa moja usiku honi za matatu na kelele za mikokoteni inayotoka Gikomba hufunika maneno, na Mwalimu hatumii kipaza sauti, kwa hiyo anayekaa nyuma hukosa sehemu kubwa ya simulizi. Wahi ukae mbele. Ngazi ni nyembamba na kona ya pili haina taa. Mwenye magoti mabovu aombe kushikwa mkono, vijana wa pale ni wakarimu. Chai ya tangawizi na mahamri ya iliki huletwa katikati ya kikao na gharama yake imo ndani ya ada. Darasa likiisha, mpwa wake Mwalimu huwasindikiza akina mama hadi steji. Kwetu tunaorudi nyumbani usiku, hilo ni jambo kubwa.

Mwalimu hana projekta. Ana ramani ya Bahari ya Mediterania aliyoichora mwenyewe kwa rangi juu ya kitambaa cha marekani, upana wa ukuta mzima. Kila mji una jina lake la kale juu na la sasa chini: Hippo Regius na chini yake Annaba, Carthage na chini yake kitongoji cha Tunis. Safari ya Wavandali ameishona kwa uzi mwekundu, kutoka mto Rhine walikovuka mwishoni mwa mwaka 406, kupita Gaul, Ufaransa ya leo, kuingia Hispania mwaka 409, kisha kuvuka mlango wa bahari wa Gibraltar mwaka 429 na kuambaa pwani ya Afrika kuelekea mashariki. Ukiutazama uzi huo unauona umbali kwa macho. Hawa walikuwa watu waliohama na wake, watoto, wazee na watumwa wao kwa zaidi ya miaka 20, wakitafuta pa kukaa, na walipokaa Hispania, Warumi waliwatuma Wavisigothi, kabila jingine la Kijerumani, kuwapiga.

Katika kikao cha kwanza aliuliza: walioingia Afrika walikuwa wangapi? Askofu Victor wa Vita, aliyeandika huko huko Afrika katika miaka ya 480, anasema Gaiseric aliwahesabu wote, wazee, vijana, watoto, watumwa na mabwana, wakafika 80,000. Mwandishi Procopius, aliyekuja Afrika na jeshi la Belisarius, jemadari wa Konstantinopoli, mwaka 533, anasema mfalme aliweka makamanda 80 wenye cheo cha kuongoza watu elfu, ili maadui wadhani wako 80,000, na kumbe hawakufika hapo. Mwalimu hakutuchagulia. Alieleza kila mmoja aliandika lini, alikuwa upande gani, na alikuwa na chuki gani moyoni, kisha akatuacha tubishane mpaka chai ikapoa. Tabia hiyo aliishika hadi kikao cha mwisho na ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kumsifu. Nimewahi kulipia mihadhara mingine hapa mjini ambapo msemaji hutaja tarakimu za miaka elfu iliyopita kana kwamba alikuwepo akihesabu.

Mfalme mwenyewe alituchorea kwa maneno ya Jordanes, mwandishi wa karne ya 6. Mtu wa kimo cha wastani, anayechechemea kwa sababu ya kuanguka farasi, mwenye mawazo marefu na maneno machache, asiyependa anasa, mwepesi wa hasira, mwenye tamaa ya mali, hodari wa kupanda ugomvi kati ya mataifa. Alikuwa mtoto wa nje wa mfalme Godigisel, na alipofariki nduguye Gunderic mwaka 428, watu walimfuata yeye. Maelezo haya ni machache, lakini Mwalimu aliyarudia kila tulipofika kwenye uamuzi mkubwa, na ukiyaweka kando ya matendo unaona yanavyolingana, hasa hilo la maneno machache.

Kikao cha pili kilikuwa cha Hippo. Wavandali waliuzingira mji huo mwaka 430, na ndani yake alikuwemo askofu Augustino, mzee wa miaka 75, aliyefariki tarehe 28 Agosti mwaka huo huo maadui wakiwa nje ya ukuta. Mzingiro uliendelea miezi 14. Mwalimu ni Mwislamu wa Majengo, na mbele yake waliketi akina mama Wakatoliki waliokuja kwa ajili ya Augustino tu. Alimsimulia kwa heshima kubwa: mzaliwa wa Thagaste, mtoto wa Monika, Mwafrika wa mji mdogo aliyepanda hadi Milano akarudi kwao. Mama mmoja alitokwa na machozi. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimeketi kwa mwalimu wa kweli. Kuhusu kisa cha gavana Bonifacius, kwamba ndiye aliyewaita Wavandali Afrika kwa sababu ya ugomvi wake na Ravenna, palipokuwa na ikulu ya kaisari wa magharibi, alikisimulia kama Procopius alivyokiandika, kisha akasema kwamba wanahistoria wengi wa leo hawakiamini, kwa kuwa aliyeandika aliandika zaidi ya miaka 100 baadaye.

Mwezi Februari 435 pande mbili zilifanya mkataba hapo Hippo, Wavandali wakaachiwa sehemu ya nchi. Tarehe 19 Oktoba 439, watu wakiwa hawana habari, Gaiseric aliingia Carthage. Hakukuwa na mzingiro wala vita vya kusimulia. Mji mkubwa kuliko yote ya magharibi baada ya Roma ulichukuliwa siku moja, wakati wa amani, na pamoja nao bandari na meli zake.

Kikao cha tatu ndicho kilichonilipa ada yangu yote. Kwa karne nyingi Roma ilikula ngano ya Afrika. Kodi ya mashamba ya Carthage na jirani zake ilitolewa kwa nafaka na mafuta ya zeituni, ikapakiwa melini na kugawiwa watu wa Roma. Mwalimu aliieleza njia hiyo hatua kwa hatua: shamba, ghala la bandarini, meli ya masika, ghala la mto Tiber, mwokaji. Aliyeishika Carthage alishika mwanzo wa mnyororo wote. Machi 2021 serikali yetu ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, niliona Nyamakima ikibadilika kwa siku chache. Wanunuzi waliokuwa wakinidai punguzo walianza kuniomba niwawekee gunia. Na hiyo ilikuwa amri ya muda tu, nchi yenye mavuno yake. Roma haikuwa na shamba lake la kutosha. Sikuhitaji kuelezwa zaidi kwa nini kaisari alikubali kukaa mezani na mtu aliyemwita mshenzi.

Ushahidi wa hofu hiyo upo, na Mwalimu alituletea. Mwezi Juni 440 Kaisari Valentinian III wa magharibi alitoa sheria iliyomtaja Gaiseric kwa jina kama adui wa dola, ikisema ametoa meli nyingi kutoka bandari ya Carthage na haijulikani atashuka wapi, kwa hiyo raia wameruhusiwa kubeba silaha kujilinda. Serikali inayowaambia wananchi wajilinde wenyewe imeshakiri haiwezi. Mwaka huo alishuka Sisilia. Mwaka uliofuata Konstantinopoli ilituma kikosi kikubwa cha meli, kikafika Sisilia, kikarudishwa kwa sababu Wahun, taifa la wapiganaji wa farasi, walikuwa wamevamia upande wa mto Danube. Mwaka 442 ukaja mkataba wa pili: Gaiseric apewe majimbo yenye shibe, pamoja na Carthage, na Roma ibaki na yale ya magharibi yaliyokwisha kuharibiwa. Mwanawe Huneric akaposwa na Eudocia, binti wa kaisari, aliyekuwa mtoto mdogo bado.

Lakini Huneric alikuwa na mke tayari, binti wa Theoderic, mfalme wa Wavisigothi. Gaiseric alimshtaki kwamba alitaka kumtilia sumu, akaamuru akatwe pua na masikio, akamrudisha kwa baba yake huko Gaul. Mama mmoja wa Kaloleni aliuliza jina la msichana huyo. Mwalimu alijibu kwamba hakuna aliyeliandika. Akaacha hapo, hakutuhubiria, akaendelea kutuonyesha kwamba kitendo hicho pia kilikuwa siasa: kiliwageuza Wavisigothi kuwa maadui wake na kumfunga kwa Roma, na miaka michache baadaye, mwandishi huyo huyo Jordanes anasema, Gaiseric alimpelekea Attila, mfalme wa Wahun, zawadi ili awageukie Wavisigothi kabla hawajamgeukia yeye.

Hapo palitokea mjadala ninaotaka kuusema, kwa sababu ulionyesha ubora wa darasa na pia upungufu wake. Kijana mmoja wa chuo kikuu alisimama akasema tumshangilie Gaiseric, kwamba ni Afrika iliyoipiga Roma. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hapana. Gaiseric alitoka kaskazini, akaingia kwa nguvu, akawanyang'anya wenye mashamba ya jimbo la Carthage ardhi yao, akawagawia askari wake mafungu ya kurithisha wana wao, yasiyolipa kodi. Waliokuwa wamiliki walifukuzwa au walibaki kuwa vibarua mahali pao wenyewe. Babu yangu alikuwa kibarua Njoro katika shamba la mzungu, kwenye ardhi ambayo watu waliilisha mifugo yao kabla mzungu hajaja. Ukumbi mzima ulielewa, na kijana yule pia alielewa akaketi. Swali lililofuata lilipaswa kuwa: basi wenyeji walikuwa wapi? Hilo halikujibiwa wala siku hiyo wala baadaye, na nitalirudia.

Kuhusu mwaka 455 Mwalimu alisimulia vizuri, na kwa kipimo. Valentinian aliuawa mwezi Machi. Petronius Maximus akajitawaza, akamlazimisha Licinia Eudoxia, mjane wa Valentinian, kuolewa naye na binti yake Eudocia kuolewa na mwana wa Maximus, na hivyo uchumba wa Huneric ukavunjwa. Gaiseric alisema mkataba ulikuwa na aliyekufa, akang'oa nanga. Maximus aliuawa na watu wa Roma akikimbia, na mapema Juni Wavandali waliingia. Papa Leo wa Kwanza alikwenda kumlaki na kumsihi, na inasemwa kwa sababu hiyo mji haukuchomwa wala watu hawakuchinjwa. Waliupora siku 14. Walibeba hazina ya ikulu, walibandua nusu ya paa la hekalu la Jupiter la Capitolini, lililokuwa la shaba iliyopakwa dhahabu, na Procopius anasema walichukua pia vyombo vya hekalu la Yerusalemu ambavyo jemadari wa Kirumi Tito alivileta Roma. Meli moja iliyojaa sanamu ilizama. Eudoxia na binti zake wawili walipelekwa Carthage, na Eudocia akaolewa na Huneric.

Ninachomshukuru Mwalimu ni kwamba hakuishia kwenye dhahabu. Alifuata mateka hadi bandarini. Huko Wavandali na Wamauri, wenyeji wa Afrika Kaskazini, waligawana watu, mume akaenda huku na mke kule, watoto wakatenganishwa na wazazi. Askofu wa Carthage, Deogratias, aliuza vyombo vyote vya dhahabu na fedha vya kanisa ili kuwakomboa na kuwaunganisha tena. Kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kuwalaza, aliyafungua makanisa mawili makubwa, akaweka vitanda na majani ya kulalia, akazunguka na waganga usiku na mchana akiuliza kila mgonjwa amekula nini. Alikuwa mzee sana na alikufa muda mfupi baadaye. Kikao hicho kilizidi muda kwa karibu saa nzima na hakuna aliyeondoka.

Kikao cha tano, cha vita vya meli, ni bora kupita vyote. Kilianza na Majorian, kaisari wa magharibi aliyejaribu kwa dhati. Alijenga kikosi, akakikusanya pwani ya Hispania mwaka 460, lakini Gaiseric aliziteka meli zile bandarini kwa msaada wa wasaliti. Majorian alirudi mikono mitupu na mwaka 461 jemadari wake mwenyewe Ricimer akamwua. Kisha mwaka 468 dola mbili, ya magharibi na ya mashariki, ziliungana. Kaisari Leo wa Konstantinopoli alimtuma shemeji yake Basiliscus na meli zinazohesabiwa 1,113. Jemadari Heraclius alikuja nchi kavu kupitia Tripoli, jemadari Marcellinus akaichukua Sardinia. Gharama yake Mwalimu aliiandika ubaoni kwa hesabu mbili: Procopius anasema ratili 130,000 za dhahabu, mwandishi mwingine, Candidus, anasema 64,000 za dhahabu na 700,000 za fedha. Nilichukua hesabu ndogo na ratili ya Kirumi ya gramu 327 hivi. Nilipata karibu kilo 21,000 za dhahabu tupu. Ni zaidi ya magunia 230 ya kilo 90. Niliisoma hesabu hiyo kwa sauti na Mwalimu akaniomba niiandike ubaoni chini ya yake.

Basiliscus alitia nanga Rasi Bon, umbali wa siku chache kwa miguu hadi Carthage, na badala ya kuushambulia mji akakubali ombi la Gaiseric la siku tano za kufikiria. Wengine walisema alihongwa. Mwalimu alikuwa amemwalika mzee mmoja wa Lamu, nahodha wa zamani wa majahazi, anayeishi sasa kwa mwanawe Eastleigh, na hapo akamwachia fimbo. Mzee aliitazama ramani kwa muda. "Mwanangu," akamwambia yule kijana wa chuo kikuu, "meli elfu zimefunga karibu karibu, pepo inavuma kuingia nchi, nyuma yako mwamba. Utatokea wapi?" Akaeleza jinsi chombo cha tanga kilichobanwa na pepo ya kusukumia pwani kisivyoweza kujigeuza kwa haraka, na nanga ikikatwa kwa pupa nini hutokea. Gaiseric alikuwa akingoja pepo hiyo. Ilipovuma, Wavandali walikokota mashua tupu, wakazitia moto na kuziachia ziende zenyewe. Warumi walizisukuma kwa miti na kuumizana wao kwa wao kwa kelele na moshi, na nyuma ya moto zikaja meli zenye askari. Msaidizi wa Basiliscus, Yohane, alipigana mpaka mwisho, na alipoahidiwa usalama akajitupa baharini na silaha zake. Basiliscus alikimbia, akajificha kanisani Hagia Sophia, akanusurika kwa maombezi ya dada yake Verina, mke wa kaisari. Marcellinus aliuawa Sisilia na watu wa upande wake. Hazina ya mashariki ilikauka kwa miaka mingi. Kumleta nahodha ni uamuzi wa mwalimu anayejua mipaka ya vitabu vyake, na ningelipa ada nzima kwa jioni hiyo peke yake.

Sasa upungufu. Kikao cha sita kilikimbizwa. Mkataba na Kaisari Zeno wa Konstantinopoli, uliofungwa yapata mwaka 474 na kudumu hadi enzi za Kaisari Justinian wa huko huko, ulipewa dakika chache, ingawa una kisa kizuri cha mjumbe Severus, aliyekataa zawadi za mfalme akasema zawadi inayomfaa mjumbe ni mateka wa nchi yake waachwe huru, na Gaiseric akawaachia wote waliokuwa mali yake na ya wanawe. Mwaka 476 Sisilia aliipangisha kwa Odoacer, mtawala mpya wa Italia, kwa kodi ya kila mwaka, akibakiza kipande. Alifariki tarehe 25 Januari 477 akiwa mzee sana. Sheria yake ya urithi, kwamba kiti kiende kwa mwanamume mwenye umri mkubwa zaidi katika ukoo, ilitajwa kwa sentensi moja, na kumbe ndiyo iliyompeleka Hilderic, mwana wa yule Eudocia, kwenye kiti, na kuangushwa kwa Hilderic na Gelimer, mtu wa ukoo huo huo, mwaka 530 ndiko kulikompa Justinian sababu ya kuingia vitani. Vilevile hakutueleza kwa kina kwamba Gaiseric alibomoa kuta za miji mingine ya Afrika akiiacha Carthage tu, na kwa hiyo Belisarius alipokuja mwaka 533 miji ilikuwa wazi.

Upungufu mkubwa zaidi ni wa wenyeji. Wamauri, mababu wa Waamazighi wa leo, walikuwa kwenye meli zilizokwenda Roma, waligawana mateka, walishika milima na nchi nyuma ya pwani, na kwenye ramani ya Mwalimu eneo lao ni kitambaa kitupu. Hata hivyo mtu huyu anajua habari zao. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe tukinywa chai. Alinieleza kwamba mara baada ya Gaiseric kufa, enzi za Huneric, watu wa milima ya Aurès walijitoa chini ya Wavandali wasirudi tena. Alinieleza kuhusu jiwe la Altava, magharibi ya Algeria, la mwaka 508, lililoandikwa kwa Kilatini, linalomtaja Masuna kama mfalme wa makabila ya Wamauri na wa Warumi. Alinieleza pia kuhusu mbao zilizopatikana mwaka 1928 mpakani mwa Algeria na Tunisia, hati za mauzo zilizoandikwa kwa wino katika miaka ya 490, zikihesabu mizeituni na mitini mmoja mmoja, na wauzaji wakishikilia haki ya mkulima inayoitwa ya Manciana, iliyotoka enzi za makaisari wa zamani. Yaani wafalme wamebadilika, tarehe zimeandikwa kwa miaka ya utawala wa Gunthamund, mfalme wa Wavandali, na mkulima bado anauza shamba lake kwa sheria ile ile.

Mambo hayo nilipaswa kuyasikia mbele ya ukumbi mzima. Kijana aliyetaka kushangilia Afrika alistahili kumsikia Masuna. Wale akina mama waliomlilia Augustino walistahili kujua majirani zake waliishije vita vilipopita. Nafaka haikutoka Carthage. Carthage ilikuwa bandari. Ilitoka kwa watu wa mbao hizo, na darasa lililotangazwa kwa jina la mkate halikumwonyesha hata mkulima mmoja. Nimemwambia Mwalimu hivyo, kwa adabu, na alinisikiliza akaandika kwenye daftari lake.

Karatasi anayogawa ya majina na miaka ni nzuri, imepangwa kwa uangalifu, lakini herufi ni ndogo mno kwa macho ya watu wa umri wetu, na fotokopi imefifia. Shilingi 50 zaidi za karatasi kubwa hakuna atakayezilalamikia. Anayetaka kuingia kikao kimoja tu hulipa shilingi 300 mlangoni. Kama ni kimoja, chagua cha meli. Watoto wa sekondari huingia bure wakija na sare, na nimewaona wawili watatu wa Eastlands wakiandika kurasa nyingi.

Msimu ujao ni wa Gelimer na Belisarius, na umepangwa vikao vinane badala ya sita. Nimeomba viwili viwe vya bara, na ada ikipanda kwa sababu hiyo nitalipa. Malipo ni kwa M-Pesa kwa namba iliyo kwenye tangazo la steji. Lipa kabla ya Jumatatu, maana viti vya mbele huisha kwanza.